Wali Usioshibisha

Shukuru, dereva wa lori la mbao, alikula sahani ya kwanza ya wali maharage, akaongeza ya pili, akaikomba mpaka sahani ikang'aa, kisha akainua uso na kumwuliza Chausiku kwa upole kabisa, "Mama, wangu bado?"

Chausiku alidhani ni utani, akacheka. Shukuru hakucheka naye. Alikuwa amekaa, mikono juu ya meza, akingoja kama mtu aliyeshuka garini sasa hivi.

"Si umekula, kaka yangu. Sahani zako mbili hizo hapo."

Shukuru akazitazama kama vitu vilivyoachwa na mtu mwingine. Akajipapasa tumbo. "Haya," akasema kwa aibu. "Labda nina minyoo."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Siku mbili baadaye abiria wa basi la Lushoto alirudi mbio kabla gari halijaondoka, akasema amelishwa hewa. Fundi cherehani wa jirani, mzee aliyekula hapo kila siku kwa miaka, akaanza kunyanyuka mezani na macho ya mtu aliyefunga. Hakuna aliyelalamikia ladha. Wali ulikuwa mweupe, umechambuka vizuri, mchele wa mashamba ya umwagiliaji ya hapohapo Mombo. Uliingia mdomoni, ukapita kooni, na huko ulikokwenda haukufika.

Mgahawa wa Chausiku ulikuwa nyuma ya mahali mabasi yanaposimama: mabati juu, mbao pembeni, na kwa nyuma stoo ndogo ya matofali. Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka arobaini na moja, Mzigua wa Kwaluguru. Kabla ya kuhamia Mombo alipika miaka mitatu kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara upande wa Handeni. Kambi ilipofungwa, mhandisi mmoja aliyeitwa Lin, kijana mpole aliyejifunza Kiswahili jikoni kwake, alimpa sanduku kubwa la mbao nyekundu, kufuli yake ya shaba yenye umbo la samaki ikining'inia wazi, bila ufunguo. "Mama Chau, weka mchele," alimwambia. "Panya haingii. Mdudu haingii." Sanduku lilikaa Kwaluguru tupu mwaka mzima. Mwezi huo ndipo alipolileta Mombo, akaliweka stoo, akalijaza mchele.

Harufu yake tu ndiyo iliyomsumbua. Mbao zilikuwa za mkafuri, na kwa Chausiku kafuri ilikuwa na maana moja: siku ile walipomkafini mume wake. Kila sanduku lilipofunguliwa alijikuta amebana pumzi.

Grasiana, mwenzake wa jikoni, hakujali harufu hiyo. Alikuwa Mkristo wa Mazinde. Babu zake waliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge wakazikwa hukohuko. Kila asubuhi alikuja na mtoto wake mgongoni, Joyceline, wa miezi mitano, na kicheko ambacho kondakta wa basi lililokuwa bado barabarani angeweza kukisikia. Kwa kuwa Chausiku alilikwepa lile sanduku, Grasiana ndiye aliyeingia stoo kuchota mchele, asubuhi na mchana, kila siku.

Ilikuwa yapata saa saba, siku ya tisa au ya kumi tangu sanduku lije, wateja wa mchana wameshatawanyika na jua limesimama juu ya mabati, Chausiku aliposikia kitu kikigonga upande wa stoo. Ko, ko, ko. Mgongo wa kitu cha bati juu ya mbao, taratibu, bila haraka. Alizunguka nyuma. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kuku mmoja aliyesimama mguu mmoja kivulini, akiutazama ukuta wa stoo. Akarudi ndani.

"Umesikia?" alimwuliza Grasiana.

"Nini dada?"

"Kama mtu anagonga bakuli."

Grasiana alikuwa ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa stoo, miguu ameinyoosha, mtoto kifuani akinyonya. Hakuwa na kawaida ya kukaa pale. "Hao wanagonga kila siku," akasema. "Wacha wagonge."

Chausiku hakuuliza ni akina nani. Baadaye alijilaumu kwa hilo. Wakati ule alijiambia kwamba joto limemchosha mwenzake, akaenda kuosha vyombo.

Tangu hapo Grasiana alianza kupungua. Alikula kama mpasua mawe, akakonda kama mgonjwa. Mashavu yaliondoka, pete ya ndoa ikaanza kumvuka kidoleni, kicheko kikakatika. La kutisha zaidi ni mtoto. Joyceline alinyonya mpaka akatoka jasho, akaachia ziwa, akalia, akanyonya tena, akalia. Kliniki walimpima, na mstari kwenye kadi yake uliokuwa ukipanda ukaanza kushuka. Muuguzi alifanya kila alilopaswa kufanya: akamkagua, akamfundisha mama kunyonyesha upya, akawaandikia barua ya kwenda hospitali Korogwe. Huko walipima damu ya mama na ya mtoto, hawakuona ugonjwa. Walimpa mtoto maziwa ya kopo. Alimaliza kikombe chote, tone kwa tone, daktari akitazama kwa macho yake, kisha akalia kwa ile sauti ya mtoto ambaye tangu asubuhi hajatiwa kitu mdomoni.

Siku waliyorudi kutoka Korogwe, Chausiku alikwenda stoo mwenyewe kuchota mchele. Alimkuta Grasiana amesimama mlangoni, ametanua mikono, ameshika miimo yote miwili.

"Nipishe, mdogo wangu."

"Bado."

"Bado nini? Maji yanachemka."

"Hawajaja kupokea," Grasiana akasema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya mwanamume mzee mwenye kikohozi, ikitoka polepole kama inayopita kwenye mlango uliofunguliwa kidogo tu. Kisha akasema maneno mengine, mengi, yanayopanda na kushuka, na Chausiku akahisi nywele za kisogoni zikisimama moja moja, kwa sababu yalikuwa na mwendo wa maneno aliyoyasikia miaka mitatu kambini, na katikati yake alilitambua moja, lile ambalo kila kibarua wa Handeni alilijua kwa kuwa ndilo lililowaita kwenye chakula: *chifan*. Grasiana hakuwahi kufika kambini. Hakuwahi kuongea na Mchina yeyote maishani mwake. Na nyuma yake, ndani ya stoo isiyo na dirisha, ile kufuli ya samaki iliyokuwa ikining'inia wazi tangu mwanzo ilikuwa imefungwa.

Bonaventura, mume wa Grasiana, mfanyakazi wa mashine za mkonge, alikuja kumchukua mkewe akampeleka nyumbani Mazinde. Akamwita katekista na majirani wa jumuiya. Walisali rozari nzima. Grasiana alikaa kwa adabu, akaitikia kila salamu Maria, wakaanza kuona aibu kwa hofu yao. Kisha mama mmoja akaleta chai na mihogo kwa ajili ya wageni. Grasiana akainuka, akachukua panga la kukatia mkonge lililokuwa nyuma ya mlango, akaketi kizingitini pa jiko, panga mapajani.

"Hakupiga mtu," Bonaventura alimsimulia Chausiku kesho yake, sauti chini, ingawa walikuwa wawili tu. "Alikuwa anatutazama tu, dada. Analia na kututazama. Anasema, 'Nisameheni, si vyangu.' Mpaka watu wakaondoka na njaa zao. Na mimi nimelala nje."

"Na mtoto?"

Bonaventura akatazama pembeni. "Mtoto halii tena kwa nguvu."

Chausiku alimtafuta Lin kwa simu. Namba yake ilikuwa bado ipo. Sasa alikuwa nchi nyingine, anajenga daraja. Uso wake ulipotokea kwenye kioo cha simu alifurahi, akaanza kuuliza habari za Handeni. Chausiku akamkatisha.

"Lin, mwanangu. Lile sanduku ni la nani?"

Furaha ikaondoka usoni mwa Lin kama taa iliyozimwa.

"Watu wanakula, hawashibi?" akauliza.

"Ulijua."

"Mama Chau, mimi nilidhani maneno ya wazee tu. Nilidhani kama limevuka bahari, limekwisha."

Akamweleza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Sanduku lilitoka kwenye mji wa bandari huko kwao kaskazini. Baba wa bibi yake alikuwa mtunza ghala, ghala la mchele, wakati Wajapani wanautawala mji. Vita ilipokwisha, Wajapani wakasalimu amri, ghala likabaki limefungwa, na watu nje wanakufa njaa. "Yeye ana ufunguo. Hakufungua. Na yeye hakula, hata punje moja. Alikufa njaa, Mama Chau, mgongo kwenye mlango, mchele nyuma yake. Baadaye watu wakavunja. Bibi yangu, alikuwa mtoto wa miaka saba, akachukua sanduku la ofisi ya baba, watu wakamjazia mchele. Akala. Ndiyo akaishi. Ndiyo sisi tuko." Akajifuta uso. "Nyumbani sanduku likikaa tupu, hakuna neno. Ukiweka chakula, yeye anarudi kazini."

"Na ukanipa mimi."

"Nisamehe," Lin akasema. "Wewe ulinilisha miaka mitatu, na mimi nikakupa ile."

Chausiku hakuwa na nafasi ya kukasirika. Jioni hiyohiyo alipanda gari la Handeni, kisha bodaboda mpaka Kwaluguru kumchukua Bibi Mwaija, mdogo wa bibi yake mzaa mama, mwanamke mfupi mwenye miaka zaidi ya themanini ambaye watu wa Handeni walimpelekea wagonjwa wao waliposhindikana kwingine. Bibi alisikiliza kisa chote bila kuuliza neno. Mwisho akauliza moja tu.

"Ameomba nini?"

"Hajaomba kitu, bibi."

Bibi Mwaija akatikisa kichwa. "Jini ukimkalisha ataomba ubani, ataomba kitambaa chekundu, ataomba jogoo. Mnapatana, anakwenda zake. Asiyetaka kitu ndiye wa kuogopa."

Walimrudisha Grasiana Mombo, kwa kuwa sanduku lilikuwa huko na halikukubali kunyanyuka. Wanaume wanne walilijaribu wakaliacha. Mgahawa ulifungwa. Bonaventura alikaa kwenye benchi na mtoto mikononi. Chausiku aliweka mkaa, Bibi akatia ubani na majani aliyokuja nayo, moshi ukatanda, na Grasiana akaketi pale pake, mgongo kwenye mlango wa stoo, akiwa mwepesi kiasi kwamba kanga ilionekana kama imetandikwa juu ya kuni. Ilikuwa saa saba kasorobo. Barabarani mabasi yalipita, wauza machungwa wakapiga kelele zao, lakini kelele ziliwafikia kwa mbali sana, kama zinazotoka ng'ambo ya maji.

"Shikamoo, mwenyeji," Bibi Mwaija akasema, ingawa alikuwa mkubwa kwa wote pale. "Tumekuja kukujua. Jina lako nani?"

Kikohozi. "Mtunza ghala."

"Hiyo ni kazi. Nauliza jina."

"Nilibaki na kazi."

"Ubani umekufikia?"

"Ubani si amri," ile sauti ikasema. "Mnaleta moshi. Nataka mwenye amri."

Chausiku akaona kwa mara ya kwanza maishani mwake jasho likitoka juu ya mdomo wa yule bibi. Ndipo ngoma ya mabakuli ikaanza. Ko, ko, ko. Upande wa kulia, kisha kushoto, kisha pande zote za stoo, mabati na matofali, ko, ko, ko, na kuku wote wa uani wakakimbia kwa pamoja bila kutoa sauti.

"Ni akina nani wanaogonga?" Bibi akauliza.

"Mji," ikajibu.

Kisha ikasimulia, bila kuombwa, kwa kinywa cha Grasiana kilichopasukapasuka midomo, na hakuna aliyethubutu kuikatiza.

"Mfalme wao alisema redioni wameshindwa. Tukatoka nje, tukacheka, tukawasha fataki zilizofichwa miaka minane. Nikamwambia mwanangu, kesho nitafungua. Asubuhi nikakuta askari walewale na bunduki zilezile. Bendera tu ndiyo iliyoshuka. Mkubwa wao akaniita. Akasema, vilivyomo si vyetu tena, wala si vyenu, ni vya watakaokuja kupokea mji. Punje ikipungua utajibu wewe na kizazi chako. Nikauliza, watakuja lini? Akasema, siku yoyote. Nikangoja. Bandarini meli zilikuwa zimezama, milingoti tu juu ya maji, hakuna kinachoingia. Reli imekatwa. Pesa ya jana ikawa karatasi ya kuwashia moto. Waliokuwa wamekimbia wakarudi, wakakuta watu wengine kwenye vitanda vyao. Waliofungwa kambini wakatoka, mifupa inayotembea, wakilitazama jua kama hawalijui. Watu wakashuka milimani na silaha, wakasema mji ni wetu. Nikaambiwa si hao. Meli za kigeni zikaonekana kwa mbali. Nikaambiwa ndio hao, lakini bado. Na kila mchana wakaja na mabakuli. Waligonga kwa mabakuli, kwa sababu mikono haikuwa na nguvu. Jirani yangu, mke wa fundi viatu, alifia kizingitini. Nikamsogeza pembeni, ili siku wenyewe watakapokuja mlango ufunguke vizuri. Nikawa nawasogeza. Kila asubuhi nawasogeza. Mwanangu akaja na bakuli lake. Akasema, baba. Nikasema, bado. Akaja tena. Nikasema bado, nikaziba masikio, na tangu hapo sijui, sijui kama ni yeye anayegonga, nikifungua nikamkuta chini miongoni mwao nitafanya nini, afadhali nisifungue, afadhali wapokeaji waje, afadhali..."

Kikohozi kikaikata. Bonaventura akainuka kwenye benchi. Hakusema kwa nguvu.

"Dada Chausiku. Mtoto ameacha kupumua vizuri."

Chausiku aliutazama uso ule mdogo, wa kijivu, mdomo wazi. Bibi Mwaija alikuwa akinong'ona dua, mikono yake ikitafuta kitu ndani ya mkoba na kutokipata. Hakukuwa na wa kumngoja. Chausiku akasogea mpaka mbele ya Grasiana, akapiga magoti kwenye vumbi, karibu kiasi cha kusikia pumzi ile yenye harufu ya kafuri, harufu ya sanda, na kila kiungo mwilini mwake kikimwambia aondoke.

"Baba," akasema, kwa kuwa hakujua amwite nani mtu wa umri ule. "Hawaji. Wapokeaji walishakuja na kuondoka, na waliowapokea wao wakaondoka. Hakuna aliyekuuliza habari ya punje. Miaka themanini imepita."

"Mwenye amri ni nani?"

"Hayupo. Lakini mimi nina habari za mwanao."

Mabakuli yakanyamaza yote kwa mara moja. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Hayupo hapo chini," Chausiku akasema, na machozi yakamtoka asijue ni ya hofu au ya nini. "Hukumsogeza. Watu walivunja mlango ulipokwisha kufa. Wakamjazia mchele kwenye sanduku lako. Akala. Akakua, akaolewa, akazaa. Kitukuu chako mimi nimempikia kwa mikono hii, anapenda pilipili, anakula sahani tatu. Umesikia, baba? Alikula. Mchele ule ulikuwa wa kuliwa tangu siku ya kwanza."

Macho ya Grasiana yakafunguka, yakamtazama kwa muda mrefu. Ndani yake hakukuwa na hasira. Kulikuwa na kitu kama cha mtu anayeamshwa na kuambiwa saa ngapi.

"Basi niliwanyima bure," ile sauti ikasema.

Ndani ya stoo kufuli ikalia, tak. Grasiana akaanguka kifudifudi kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Bonaventura alitaka kumkimbilia. Bibi Mwaija akamshika shati. "Usivuke hapo. Chausiku, pika. Pika mchele wote uliomo, sasa hivi, na ukianza kupakua usiache mpaka sufuria iishe. Tazama bakuli. Usitazame nyuso."

Akapika. Alitumia ile sufuria kubwa ya shughuli, kuni badala ya mkaa, mikono ikifanya kazi iliyoizoea huku kichwa hakipo. Wali ulipokauka akafunua, mvuke ukapanda, na haukuwa na harufu ya kafuri hata kidogo, ulikuwa na harufu ya wali tu. Akaingiza upawa. Akaona bakuli.

Lilikuwa la bati, limebonyea ukingoni, na vidole vilivyolishika vilikuwa na rangi ya udongo mkavu. Akatia wali. Bakuli likaondoka, likaja jingine, la kauri lenye ufa, akatia, likaja kopo, akatia, ukaja mkono mdogo usiofika mezani ikabidi ainame, akainama, akatia, akiona miguu iliyofungwa matambara mabichi, pindo za nguo nzito zilizojazwa pamba ambazo hakuna mtu wa Mombo angezivaa kwenye jua lile, na hakuinua macho, ingawa shingo ilimwuma kwa hamu ya kuinua, ingawa mstari ulizunguka mgahawa na kupotea nyuma ya stoo na kila aliyepokea alipumua mara moja, pumzi ndefu ya baridi iliyompiga kifundo cha mkono, kisha akatoweka na nafasi yake ikashikwa. Hawakusema neno. Hawakusukumana. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: jinsi walivyozoea kungoja. Jua likashuka upande wa mashamba ya mkonge, bega lake likafa ganzi, na sufuria, ambayo kwa kawaida ilitosha watu sitini, ikaendelea kutoa.

Kisha upawa ukagonga chini.

Aliyekuwa mbele yake hakuwa na bakuli. Ilikuwa mikono miwili mitupu, mikavu, imeunganishwa pamoja kama ya mtu anayepokea kwa mkubwa wake, na kwenye kiganja kimoja palikuwa na alama nyekundu ya ufunguo uliokumbatiwa muda mrefu. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Chausiku akainamia sufuria. Hakukuwa na wali. Palibaki ukoko. Akachukua mwiko, akaukwangua wote, wa dhahabu na mgumu, akauweka kwenye ile mikono. Vidole vikafunga taratibu. Akasikia ukoko ukivunjwa kwa meno, mara moja, mara mbili, kwa woga, kama mtu anayeogopa kusikiwa akila.

Alipothubutu kuinua uso, palikuwa na mlango wa stoo wazi na sanduku tupu ndani yake.

"Nipeni mtoto," Grasiana akasema kutoka chini, kwa sauti yake mwenyewe, dhaifu na yenye hasira kidogo. Bonaventura akamwekea Joyceline kifuani. Kwa kitambo hakuna kilichotokea, wote watatu wakiwa wamesimama juu yake bila kupumua. Kisha mtoto akashika ziwa, akavuta, na wakasikia koo lake dogo likimeza, likameza tena, na baada ya muda akaachia mwenyewe, akalala, tone la maziwa likimtiririka shavuni.

Bonaventura akaketi chini, akalia kimya. Alisema baadaye kwamba hakuona watu. Alimwona Chausiku akipakua na kumwaga wali chini tangu saa nane mpaka karibu na magharibi, upawa baada ya upawa. Lakini ardhi mbele ya meza ilikuwa kavu na safi. Hapakuwa na punje hata moja.

Sanduku walilichoma usiku uleule. Sasa lilibebwa na watu wawili bila taabu. Wiki iliyofuata Chausiku alinunua ndoo za plastiki za kuwekea mchele, akafungua mgahawa, na Shukuru akala sahani moja, akacheua, akaenda zake. Grasiana alirudi kazini baada ya mwezi mmoja, akiwa amenenepa, mtoto naye amejaa mikunjo ya mapaja.

Lakini jioni ile, alipokuwa akimsindikiza Bibi Mwaija kupanda gari la Handeni, Chausiku alimwuliza jambo lililokuwa likimkaa kooni. Walikuwa wamesimama kando ya barabara, taa za mabasi zikiwapita.

"Bibi, ulikuwa unawaona?"

"Nilikuwa nawaona."

"Wamekwisha wote?"

Bibi Mwaija alijifunga kanga vizuri, akatazama upande ambao gari lake lingetokea. Akajibu polepole, kama anayechagua asiseme zaidi.

"Waliofika leo, wamekwisha."